YAH: Madai ya Dakika 107

Waheshimiwa wakuu wa studio ya Warner Bros.,
Burbank, California.

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu. Najua barua imechelewa. Picha yenu ya Cop Out mliitoa Februari 2010, mimi nimeitazama juzi usiku, umeme ukiwepo mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo sina hata wa kumsingizia.

Siwaandikii kama mgeni. Nimekulia kwenye mabanda ya video, juu ya mabenchi ya mbao, mtafsiri akimsemesha Jackie Chan Kiswahili cha Manzese. Picha za askari wawili wasioivana nazijua. Na ninyi mnazijua, maana Lethal Weapon ya 1987 ni yenu. Murtaugh ana mke, watoto na miaka 50, anachotaka ni kurudi nyumbani mzima. Riggs kafiwa na mkewe, akifa leo au kesho kwake sawa. Wapakie kwenye gari moja, kaa pembeni utazame. Miaka mitano nyuma yake, Paramount walimtoa Eddie Murphy gerezani kwa saa 48 wakamkabidhi kwa Nick Nolte, askari mwenye uso wa mtu aliyelala na viatu. Mmoja polisi, mmoja mfungwa; wataacha vipi kugombana?

Sasa yenu. Jimmy ni Bruce Willis, Paul ni Tracy Morgan, wote polisi wa New York. Picha inaanza wakiwa wametimiza miaka tisa kazini pamoja, na Paul anataka waisherehekee. Waheshimiwa, hapo ndipo wenzenu huishia! Kilichobaki ni Paul kupayuka na Jimmy kutabasamu upande mmoja. Paul anapayuka tena. Hao si askari wasioivana. Ni abiria na redio ya daladala.

Kuna mahali nilicheka, na naomba iingie kwenye kumbukumbu. Paul anamhoji mtuhumiwa kwa kuigiza maneno ya filamu maarufu, Jimmy yuko nyuma ya kioo anazitaja moja moja. Yakafika maneno ya Die Hard, ya Willis mwenyewe. Jimmy akasema hiyo hajawahi kuiona. Nikacheka peke yangu sebuleni. Nilichelewa kuelewa kwamba lile lilikuwa tangazo la mikopo. Muziki mmemwita Harold Faltermeyer, yule yule wa Beverly Hills Cop ya 1984. Kinanda kinalia kama enzi zile, unageuka umwone Eddie Murphy, unamkuta Morgan kavaa vazi la simu ya mkononi, kubwa kumzidi mwenyewe, anavizia nje ya duka. Ni sawa na kununua sufuria la mama ntilie ukitegemea pilau lije nalo. Naye Kevin Smith, mtu aliyejipatia jina kwa maneno anayoyaandika mwenyewe, mmemkabidhi maneno ya wengine. Hii ndiyo filamu yake ya kwanza kuongoza bila kuiandika.

Kinachoniuma zaidi ni ile harusi. Jimmy kasimamishwa kazi siku 30 bila mshahara, binti yake anaolewa, gharama zinakaribia dola 50,000, na baba wa kambo anajitapa kwamba atalipa yeye. Jimmy anayo kadi ya besiboli ya mwaka 1952, yenye sura ya Andy Pafko. Anaipeleka kuiuza, inaibwa, inaishia kwa muuza unga anayehusudu besiboli. Mngetuuliza! Huku kwetu pia baba asiye na mshahara huozesha kwa kadi, ila ni kadi za mchango. Jimmy angeitisha kamati: mwenyekiti Paul, mweka hazina yule baba wa kambo, kikao cha kwanza baa, ajenda ya kwanza nani alipie vinywaji vya kikao. Hapo kuna watu wawili ambao wasingeivana mpaka siku ya ukumbi, na picha mngekuwa nayo bila risasi hata moja.

Jina siwadai. La kwanza lilikuwa na neno la aibu, mkalibadilisha, na hili mlilobaki nalo kwa Kiingereza cha mtaani ni kukwepa wajibu. Ni nadra bidhaa kuandikwa ukweli kwenye pakiti.

Dakika zangu 107 nazo zibaki kwenu. Ninachoomba ni nakala isiyo na sauti, tumpelekee mtafsiri wa banda. Yeye hana studio, ana maiki moja na soda ya moto, lakini kabla jina la mwongozaji halijapita atakuwa ameshampa Jimmy deni na Paul shemeji mkorofi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtazamaji.

Nakala: Kamati ya harusi ya binti Jimmy. Ahadi yangu, dakika 107, imelipwa yote taslimu. Naomba risiti.