Waraka kwa Kitale: Njiwa Wasioliwa wa Uingereza

Jamaa walioko Kitale, Kiminini, Kimilili na Chwele wanaletewa kwa waraka huu maelezo ya desturi moja ya Waingereza ambayo mhamiaji kutoka Trans Nzoia huchukua muda kuielewa, nayo ni ufugaji wa njiwa wa mapambo, yaani njiwa manga ambao kwa vizazi vingi wamechaguliwa kwa umbo, manyoya na mwendo wao, wala si kwa nyama. Swali ambalo jamaa bila shaka wamekwisha kuliuliza kabla ya sentensi hiyo kufika mwisho, yaani ndege huyo hupikwa vipi, halina jibu, na mgeni anayethubutu kuliuliza mbele ya mwenye banda huondoka bila kukaribishwa chai.

Aina za njiwa hao ni mamia, na zote, kama Charles Darwin alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi, zimetokana na njiwa mmoja wa mwituni anayekaa majabalini. Darwin alianza kuwafuga mwaka 1855 nyumbani kwake Kent, akajiunga na vyama viwili vya wafugaji mjini London, na hivyo akawa mfano wa mapema wa msomi aliyeshinda bandani bila ukoo kumwitia kikao. Njiwa wa kawaida ana manyoya 12 mkiani, ilhali njiwa tausi, anayeutandaza mkia wake nyuma ya kichwa, huwa na 30 au zaidi. Njiwa aitwaye Jacobin amezungukwa na ukosi wa manyoya unaomfunika uso hata asijue anayemsalimu. Na yule aitwaye pauta hujaza hewa katika gole, yaani kifuko cha chakula kilicho chini ya koo, mpaka kifua chake kikafanana na cha mgombea udiwani. Wapo wanaopinduka hewani, na wapo, hasa Marekani, waliochaguliwa kwa sifa hiyo kupita kiasi hata hawawezi tena kuruka, bali hubingirika chini na kushindanishwa kwa umbali. Walio na mdomo mfupi mno hushindwa kulisha makinda yao wenyewe, hivyo mayai yao huhamishiwa kwa jozi ya njiwa wa kawaida, ambao hulea watoto wa wakubwa huku mayai yao yakiondolewa. Bungoma, iliyotoa mayaya wengi kwa nyumba za Nairobi, haihitaji kufafanuliwa mpango huo.

Hata ikulu haikusalimika. Mwaka 1886 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ambaye majirani wa Kongo wanamkumbuka kwa mambo tofauti kabisa, aliizawadia familia ya kifalme ya Uingereza njiwa wa mbio, na huo ndio ukawa mwanzo wa banda la kifalme la Sandringham.

Anayeanza hushauriwa ajenge banda kwanza na kununua njiwa baadaye, ushauri ambao wengi huutekeleza kinyumenyume. Banda liwe kavu na lipitishe hewa, kwa kuwa njiwa huvumilia baridi lakini unyevu humwangamiza, na mbele yake paelekee kusini, upande ambao jua la Uingereza hupita siku linapojitokeza. Barakoa ni lazima wakati wa kufagia, maana vumbi la manyoya na kinyesi huleta ugonjwa uitwao pafu la mfuga njiwa, ambao ni uvimbe wa mapafu unaotokana na mzio. Chakula ni mchanganyiko wa njegere kavu, ngano na mahindi, pamoja na changarawe za kusagia nafaka ndani ya firigisi, kiungo ambacho kwa Wabukusu kina mwenyewe mezani. Hapo ndipo uchungu wa mhamiaji ulipo: mahindi yaleyale ambayo Trans Nzoia huyapima kwa gunia la kilo 90 huuzwa dukani katika mfuko wenye picha ya njiwa, naye aliyezunguka mji mzima akitafuta unga wa ugali huutazama mfuko huo kwa husuda. Njiwa hula takriban gramu 30 kwa siku, kwa hiyo gunia moja lingeitosha jozi moja kwa zaidi ya miaka minne, hesabu isiyofaa kutajwa mbele ya mkulima anayesubiri malipo.

Jozi huunganishwa katikati ya Februari, wafugaji wengi wakiichagua tarehe 14 kwa makusudi. Kumtofautisha dume na jike kwa macho ni kazi ngumu, na mara nyingi mfugaji mpya hung'amua kwamba ameoza majike wawili pale anapokuta mayai manne badala ya mawili. Mayai huatamiwa kwa siku 18 hivi, jike akishika usiku na dume sehemu kubwa ya mchana, kisha wote wawili huwalisha makinda maziwa ya njiwa, yaani uji mzito unaotoka katika kuta za gole. Akina baba wa Kimilili wasomewe sentensi hii kwa sauti. Asiyetaka makinda zaidi huondoa mayai na kuweka ya mbao, nao wazazi huyalalia mpaka wachoke.

Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, kwa hofu ya mafua ya ndege, mfugaji wa England au Wales anatakiwa kusajili hata njiwa mmoja, hivyo ndege huweza kupata makaratasi kamili kabla ya mwenyewe kupata yake. Kipanga anayemnyakua njiwa huyo naye analindwa na sheria ya mwaka 1981, na mkono uliozoea kuokota jiwe hulazimika kubaki mfukoni.

Vijana wa Kitale wenye masanduku ya njiwa juu ya nguzo wana mahindi mlangoni, na kinachowapungukia ni daftari. Wanaombwa waandike kila kinda amezaliwa na jozi gani, na wale wawili walio bora kila msimu wasipelekwe jikoni, hata akija mgeni.