Khanga Imelala, Simu Imesimama

Mtandao wenyewe sitautaja jina. Bado naufanyia biashara, na wakunga hawatukanwi uzazi ungalipo. Itoshe kusema ni ule wa picha, ambao nusu ya Dar es Salaam inauzia na nusu iliyobaki inauliza bei.

Mimi nauza khanga. Zamani nilikuwa nazifuata Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, doti kumi kumi, nazitembeza ofisi hadi ofisi. Mteja anashika, ananusa, anasoma jina, anavutana nami bei, katikati ananimegea habari za mumewe, mwisho anakopa. Mwaka 2019 binti wa kaka yangu akanionea huruma. "Shangazi, unaitesa miguu bure. Biashara siku hizi iko kwenye simu." Akanifungulia ukurasa. Tangu siku hiyo miguu imepona. Maumivu yamehamia kichwani.

Binti huyu alikwenda semina ya siku mbili akarudi na daftari la kanuni. Mimi siogopi kanuni. Nimelelewa na bibi aliyekuwa na kanuni hata ya kumenya nazi. Lakini kanuni za bibi zilikaa. Hizi za daftari zinahama kama mpangaji mwenye madeni.

Chukua habari ya mraba. Mtandao ule ulipoanza mwaka 2010 haukupokea picha ila ya mraba. Mwaka 2015 wakaruhusu za kusimama na za kulala, ila kwenye ukurasa wako picha zilijipanga vilevile, vigae vya mraba vitatu vitatu. Nami nikajifunza kukunja khanga mraba, pindo lizunguke, ua likae katikati, vidole vikazoea hata usingizini. Januari 2025 naamka asubuhi, vigae vimerefuka. Kila khanga imenyolewa ubavu huku na huku. Ukurasa mzima ukawa kama nyumba zilizopigwa X zikapitiwa na barabara: huyu kabaki na nusu sebule, yule choo kinatazama lami. Binti akaja, akatazama, akafungua daftari, akasema kwa utulivu kabisa, "Sasa hivi ni wima, shangazi. Anza upya."

Hashtegi nazo. Alinifundisha kuziweka 30 chini ya kila picha, maana ndizo zilizoruhusiwa, na kuacha nafasi tupu ni dhambi. Zangu za khanga ziliishia ya kumi na moja, zilizobaki akazijaza za harusi za Nigeria. Nikapata wateja watatu wa Lagos wanataka lesi. Mwaka 2021 wenye mtandao wenyewe wakashauri tatu hadi tano zinatosha. Binti akazifuta ishirini na tano kwa uso uleule aliozitia.

Kuhusu algoridhimu sina la kusema la heshima. Ninachojua ni kwamba tangu mwaka 2016 mtandao ule haukuoneshi picha kwa kufuata saa zilipowekwa, bali kwa kadiri unavyodhani utazipenda. Ndiyo maana khanga zangu za Idi niliziweka siku tatu kabla ya sikukuu, na mteja wa Mbagala akaziona watu wameshamaliza pilau. Akaniandikia, "Mama, mbona umechelewa?" Binti anasema dawa ni kuulisha kila siku: picha, stori, video, usiache. Kama jini la kurithi. Hilo lingalikula ubani. Hili linakula bando.

Bei ndiyo iliyotugombanisha hasa. Yeye anataka niandike "bei inbox", eti mteja akija chemba mnajenga ukaribu. Mimi nimeuza khanga begani miaka kumi na nane. Ukaribu naujua, mwisho wake ni daftari la madeni. Nikaiandika bei kwa namba kubwa juu ya picha, chini ya picha nikairudia. Maoni ya kwanza: "Bei?" La pili: "Bei gani dada?" La tatu limetoka kwa mtu wa ukoo wetu, jina nalihifadhi: "Bei?"

Haya yote niliyameza. Lililonikaba ni video.

Video fupi zilianza kule mwaka 2020, na mwaka uliofuata mkuu wao akatokeza mwenyewe kuwaambia watu kwamba ule si mtandao wa picha tu tena. Sawa, mwenye nyumba kasema. Lakini mimi nauza kitambaa. Kitambaa hakichezi, hakiimbi, hakina kichekesho cha sekunde tatu za mwanzo, ambazo kwa mujibu wa daftari ndizo mteja anazokupa kabla hajakupita kama gari la mwendokasi lililojaa.

Na khanga ina umbo lake. Ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, na chini ya mji linakaa jina, herufi kubwa, limenyooka kutoka kushoto kwenda kulia. Upana mita moja na nusu hivi, kimo mita moja. Yaani khanga imelala. Simu yao wanaitaka imesimama. Hebu niambie nani aamke au nani alale. Wazee waliozitengeneza hawakumuuliza mtu. Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyefungua duka mwaka 1887, alitia kwenye khanga zake maneno "Mali ya Abdulla", basi, pwani nzima ikajua nani katoa mzigo. Hakuwa na wafuasi. Alikuwa na wateja.

Siku moja binti akanisimamisha uani, akanishikisha ncha mbili za khanga, mikono nimeitanua kama kamba ya kuanikia. Akawasha taa yake ya duara mchana kweupe. Simu wima. "Sogea karibu, shangazi, ua lijae. Tabasamu." Wimbo ukatiwa, video ikaenda. Mikono yangu haikuonekana, kichwa changu hakikuonekana, na kumbe si mimi peke yangu niliyekatwa.

Kesho yake mwanamke kijana akaja chemba. Sauti tamu, ndoa bado mbichi. Anataka doti moja, mama mkwe wake yuko Tanga, amemlea wakati wa homa, anataka kumshukuru. "Mama, nataka ile ya NI DHAHABU KUMBE."

Nilijua ile ipi, maana yenye neno dhahabu nilikuwa nayo moja tu. Wateja huyakata majina ya khanga siku zote, wala sikushtuka. Hiyo ya shukrani ndiyo ilinipita kidogo sikioni, lakini kazi hii ina miiko yake: muuza khanga haulizi inakwenda kwa nani, sawasawa na muuza panga. Pesa ikaingia, nikafunga mzigo, bodaboda akaupeleka stendi, basi likaenda.

Siku ya pili jioni simu ikalia. "Mama, umeniua."

Mama mkwe aliufungua mzigo barazani mbele ya mashoga zake. Khanga ikatandazwa magotini, kila mtu akaisifia ua. Kisha mmoja mwenye miwani akasoma jina kwa sauti, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama inavyosomwa khanga: NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU.

Nikakimbilia video. Nikaitazama mara nne. Kushoto simu imekula NILIKUDHA, kulia imekula ADHABU, katikati pamebaki sifa tupu, NI DHAHABU KUMBE, na wimbo wa mahaba juu yake. Sasa nenda ukamweleze mwanamke wa Tanga mwenye miaka sitini na kitu kwamba matusi yale yameletwa na simu iliyosimama. Mimi nilijaribu kumweleza mkwewe tu, akanijibu, "Mama, huko barazani hawajui wima."

Binti wa kaka alipopata habari alipiga makofi. "Shangazi, haya ndiyo maudhui! Turekodi sasa hivi." Nilimtazama mpaka akaizima taa.

Nikairudisha pesa, pole nikatuma, nikajua hapo nimeshapoteza mteja na ukoo wake. Wiki haijaisha, ujumbe ukaingia chemba kutoka ukurasa ambao picha yake ni waridi jekundu.

"Asalaam aleikum. Ni wewe uliyemuuzia khanga mkaza mwanangu?"

Moyo ukashuka. Nikaitikia salamu, nikaanza kuandika maelezo marefu yenye simu, wima, ubavu na samahani nne. Sijayamaliza, ujumbe mwingine ukaingia.

"Ameshanieleza mwenyewe. Unayo SINA SIRI NINA JIBU?"

Nikayafuta maelezo. Nikajibu, "Ipo."

"Nipigie picha. Na jina usilikate."

Nikatandika mkeka uani. Nikaitandaza khanga juu yake yote, pindo hadi pindo, nikaipapasa mikunjo ikaisha. Nikapanda juu ya stuli, simu nikailaza, nikapiga. Jina lote likaingia, hata kinukta kiliingia. Binti alikuwa mlangoni na daftari kwapani, akatikisa kichwa: "Ya kulala hiyo, shangazi. Haitafika kwa mtu yeyote."

Nikaiweka ukurasani hivyohivyo na bei chini yake, kisha nikamtumia mama wa Tanga chemba. Akakaa kimya kama dakika tano. Ukurasani ikapata laiki mbili, moja ya kwangu.

Halafu akaandika, "Nitachukua doti mbili. Bei?"

"Imeandikwa chini ya picha, mama."

"Naiona. Inapungua?"