Kata Aliyoitaka Mama Mkwe

Siku ya arobaini ya mwanangu wa mwisho, bomba lilivuma, likatema matone mawili, likanyamaza. Ilikuwa saa nne asubuhi, hapa kwetu Tanga, na wageni tumewaalika adhuhuri. Uani pilau ilikuwa motoni, kilo nane za mchele kwenye sufuria ya kuazima, na maji ya kunawa, kunywa na kuoshea vyombo hayakuwapo.

Mama mkwe, aliyekuja kutoka Pangani siku mbili kabla, alijifunga kibwebwe. Jirani ana kisima. Akasimama mlangoni akaniambia, "Mwanangu, nipe kata."

Nikakimbilia mtungini. Kata yetu hutundikwa ukutani juu ya mtungi: kifuu cha nazi kilichokatwa kwa juu tu, kikatiwa mpini mrefu wa mti. Siku hizi wengi huichanganya na upawa, lakini upawa una kina kifupi, ni wa kupakulia mchuzi. Kata ni ya kuchotea maji, ya kukata kiu. Nikampa kwa mikono miwili. Akaitazama, akanirudishia. "Siyo hii, mwanangu. Kata!"

Mume wangu akadhani mama yake ameshikwa na hasira ya bomba na anataka kwenda kushtaki. "Mama, leo Jumamosi, ofisi ya kata imefungwa." Kiswahili chake hakikuwa na kosa. Tanzania kata ni eneo lenye diwani na mtendaji wake, na Kenya ni eneo la chifu, lenye kata ndogo chini yake.

Tukiwa bado tunaulizana, binti yangu wa miaka 12 alikuwa ameshakwenda kisimani. Akarudi na ndoo ya lita 20 juu ya kichwa kitupu, shingo inamtetemeka. Nilikuwa nimefunua sufuria nigeuze pilau. Alipopita kando yangu ndoo ikamteleza, ikamwagika yote, nusu kwenye pilau, nusu kwenye mkaa. Moto ukalia kama nyoka, majivu yakaruka mpaka kwenye kanga zilizoanikwa. Mtoto hakuungua, alhamdulillahi. Nilimpapasa mikono na miguu mara tatu kabla ya kuamini.

Mama mkwe hakumgombeza. Alivua mtandio wa kanga begani, akausokota kama kamba, akauzungusha kwenye vidole vya mkono wa kushoto, akachomeka ncha kwa ndani. Ikawa pete nene, ngumu. "Mjukuu wangu, kata ndiyo hii. Maji hayabebwi bila kata."

Wengine huiita ngata, na ndivyo wanavyosema Wakikuyu pia. Waganda husema enkata, Washona hata, Wazulu inkatha. Wafalme wa Wazulu walitunza kata kubwa ya nyasi kuwa alama ya taifa lililofungwa pamoja, na mwanasiasa wa Afrika Kusini, Mangosuthu Buthelezi, alipoanzisha chama chake mwaka 1975 alikipa jina hilohilo. Kutoka Uganda hadi KwaZulu-Natal, neno ni moja, na limeshikiliwa na wanawake wanaotoka mtoni. Kitenzi kukata nacho ni cha Kibantu, kimeenea vilevile, lakini kata ya kichwani haikati kitu. Kazi yake ni kukaa katikati ya mzigo na utosi, basi. Kwamba binti yangu, mzaliwa wa pwani, alifika miaka 12 bila kulisikia neno hilo kwa maana hiyo, kuliniuma kuliko pilau. Bomba lilipoingia nyumbani kwetu sikuona haja ya kumfundisha.

Pilau yenyewe ilikuwa imekuwa uji wa nyama na bizari. Jirani akaleta mikate ya kumimina, mwingine chungu cha maharage ya nazi, na wageni walisoma dua, wakala, wakamfurahia mtoto. Hakuna aliyeondoka na njaa.

Binti yangu alikwenda kisimani mara tano zaidi. Safari ya kwanza bibi yake alitembea nyuma, mkono karibu na ndoo. Ya tatu mtoto aliachia mkono mmoja. Ya tano aliingia uani mikono yote miwili inaning'inia, shingo wima, akaenda moja kwa moja mtungini, akamimina bila kumwaga. Kisha akatungua kifuu ukutani, akachota maji, akampelekea bibi yake, ile pete ya kanga ingali kichwani.

"Bibi, kata hii hapa."

"Ipi?"

"Zote mbili."