Kamati ya Maji ya Nyumba Yetu

Mume wangu ni mtumishi wa wizara, na wizara zilipohamishiwa Dodoma alihama nazo, mwili na tabia. Hanunui hata jiko la gesi bila kuitisha kikao. Kwa hiyo jioni aliyotangaza kwamba tutavuna maji ya mvua, hakuna aliyeuliza fundi anakuja lini. Tuliuliza ajenda zipo ngapi.

Kamati ikaundwa hapo hapo sebuleni. Baba Watoto mwenyekiti. Mimi katibu, maana mwandiko wangu unasomeka. Mama mkwe mlezi wa kamati, cheo ambacho hakuna aliyempa. Binti yetu wa kidato cha pili mtaalamu wa hesabu. Mjumbe wa mwisho alikuwa shemeji yangu, aliyekuja kwetu kutafuta kazi, akasema atakaa wiki moja tu, na kufikia jioni hiyo alikuwa na kitanda chake, kabati lake na ndoo yake ya kuogea yenye alama ya rangi nyekundu ili mtu asiiguse.

Hoja ya mwenyekiti ilikuwa na mashiko. Tulikotoka, Dar es Salaam, kuna vuli na kuna masika. Tangi likikauka Septemba, unajivuta mpaka Novemba. Dodoma mvua ni ya msimu mmoja. Inaanza Desemba, inakoma Aprili, na kwa mwaka wa kawaida haifiki hata milimita 600, kama nusu ya ile ya Dar. Baada ya hapo ni vumbi na upepo. Bomba tunalo, lakini lina mgao, na maji ya kisima tunayonunua mgao ukizidi yana chumvichumvi: sabuni haitoi povu, shati jeupe linarudi kwenye kamba likiwa na rangi ya uji.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupima paa. Fundi akaegesha ngazi, akitaka kupanda apime urefu wa bati kufuata mwinamo wake, kama anavyofanya akipiga hesabu ya bati za kuezekea. Baba Watoto akamzuia. Mvua inashuka kutoka juu, akasema, haijali bati limelala au limesimama. Kinachohesabiwa ni eneo la chini linalofunikwa na paa. Alikuwa sahihi, na hilo lilitugharimu muda mrefu wa kumsikiliza. Wakapima kwa futi kamba wakiwa chini, ukingo hadi ukingo: mita 12 kwa 9.

Hapo binti akachukua kalamu. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inatoa lita moja. Paa la mita za mraba 108, mvua milimita 570: lita 61,560. Ukitoa sehemu moja kati ya tano kwa ajili ya maji yanayoruka, yanayovuja na yanayokaushwa na bati la moto, zinabaki zaidi ya lita 49,000.

"Elfu hamsini!" Baba Watoto akasimama. "Tunanunua tangi la lita elfu hamsini."

Mama mkwe akamuuliza bei. Mwenyekiti akaketi.

Ilikuwa kosa la watu wengi, si lake peke yake. Ukiona paa lako linavyotoa maji unatamani kuyafunga yote, kumbe msimu wa mvua wenyewe unachota kila siku na mbingu inajaza tena. Tangi linanunuliwa kwa ajili ya siku za ukame. Hata mwaka mbaya, mvua ikiwa milimita 400 tu, paa letu lingetoa lita zaidi ya 34,000. Kwa hiyo swali halikuwa tena paa linatoa nini. Swali lilikuwa kuanzia katikati ya Aprili mpaka mwanzo wa Desemba, siku 230, nyumba hii inatumia nini. Na ili kulijibu, ilibidi kwanza tukubaliane nyumba hii ina watu wangapi.

Kile kikao sitakisahau. Mimi niliandika watano. Mama mkwe akasema niandike sita, kwa kuwa dada yake wa Kondoa huja kutibiwa macho, na akija hakai siku mbili. Binti akauliza kama Baba Mdogo anahesabiwa, maana yeye ni wa wiki moja. Kimya. Shemeji akaitazama dari kama mtu anayekagua misumari. Mwenyekiti, kwa sauti ya kikao cha bajeti, akasema mjumbe huyo ahesabiwe "kwa muda", nami nikaandika hivyo hivyo kwenye muhtasari. Sita.

Ndoo moja ya lita 20 kwa kila mtu kwa siku ni lita 120 kwa nyumba nzima. Zidisha kwa siku 230, unapata lita 27,600. Shemeji akasema ndoo moja haimtoshi kuoga. Mama mkwe akamwambia kijana asiyetoka nyumbani anachafukia wapi. Ikawa makelele, na mimi nikaweka kalamu chini.

Suluhu niliileta mimi, na imo kwenye muhtasari. Kuoga, choo na kudeki vibaki na maji ya bomba na kisima. Maji ya mvua yawe ya kunywa, kupikia na kufulia nguo nyeupe tu: lita 8 kwa mtu. Watu sita, lita 48 kwa siku, siku 230: lita 11,040. Tulikuwa na tangi dogo la lita 1,000. Tukinunua mawili ya lita 5,000 tunafika 11,000. Zile lita 40 zilizopungua mama mkwe alisema anajua atazikata kwa nani.

Matangi yalipokuja, fundi alitaka kuyasimamisha juu ya matofali yaliyopangwa kwenye mchanga. Lita moja ina uzito wa kilo moja. Tangi moja likijaa ni tani tano. Hapo nilikataa katakata, likamwagwa jukwaa la zege. Lakini mengine sikuyaona kwa wakati. Gata zilifungwa kwa macho, pima maji ikiwa imelala ndani ya mfuko wa fundi. Na bomba la kushusha maji kutoka kwenye gata lilikuwa la inchi moja na nusu, kwa sababu kipande kilibaki tulipojenga na mwenyekiti hapendi kitu kiharibike.

Mvua ya kwanza ilikuja na upepo, alasiri, ikipiga bati hatusikilizani. Upande mmoja wa paa, mita za mraba 54, ukipigwa na milimita 40 kwa saa, unataka kushusha lita elfu mbili na zaidi. Kile kibomba kilikabwa. Gata likafurika, na kwa kuwa mwinamo wake ulikuwa umegeuka, maji yakakimbilia upande usio na tangi, yakaanguka yote juu ya banda la kuku. Mama mkwe akatoka na kanga kichwani akiita kuku kwa majina.

Hata hivyo machache yaliingia tangini, na hayo ndiyo yalikuwa balaa. Maji ya mwanzo huosha paa, na paa la Dodoma lina vumbi la miezi saba, mavi ya ndege na majani. Ndiyo maana milimita ya kwanza, kwetu lita 108, hutakiwa kumwagwa nje. Kazi ya kufungua koki ya kumwaga alipewa shemeji. Alikuwa amelala. Tulipofungua mfuniko kesho yake tukakuta chai ya maziwa, na juu yake kandambili la mtoto wa jirani, lililokuwa limerushwa juu ya paa tangu Juni.

Tukaosha tangi. Fundi akarudi, safari hii pima maji mkononi, akainamisha gata sentimita moja kila mita kuelekea tangini, akaweka bomba la inchi nne, wavu wa mbu mdomoni, na bomba la ziada linalopeleka maji kwenye migomba badala ya kwenye msingi wa nyumba. Koki ya kumwaga ikawa chini ya mama mkwe. Katikati ya Januari matangi yote mawili yalikuwa yamejaa.

Aprili tukaketi kufunga msimu. Mwenyekiti alipofika kwenye mengineyo, shemeji akanyoosha mkono, akasema amepata kazi. Tukapiga makofi. Akaendelea: pia amepata mchumba, na kwa kuwa kodi za nyumba mjini zimepanda, wangeomba kuanzia maisha hapa hapa, kwa muda.

Mama mkwe akauliza huyo binti anafua mara ngapi kwa wiki. Binti yetu alishafungua daftari: lita 8 mara siku 230, lita 1,840. Baba Watoto akanigeukia, akaniomba niandike kwamba kamati imeridhia kutafuta bei ya tangi la lita 2,000.