Kocha wa Pembeni ya Uwanja

Michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, ikikaribia Mpanda, jirani yangu mmoja hupandwa na ukocha. Mwaka mzima mwanawe akikimbia huitwa mzururaji, siku ya mchujo pale uwanja wa Azimio, ghafla: "Damu yangu hiyo!" Baba kavaa jezi mpya ya Yanga, mgongoni kaandikisha jina la ukoo. Mwenye ukoo wa kukimbia yuko peku, bukta kaifunga kwa kamba ya kiroba.

"Kaza, baba! Unataka kuniaibisha?" Mzee anamfuata kandokando ya chokaa, hatua kumi tu, kisha anashika kiuno na kuomba maji. Mtoto anamaliza wa nne, vumbi mpaka kwenye kope.

"Simbu kashinda marathoni ya dunia Tokyo 2025 kwa sekunde 0.03," anafokewa. "Wewe huyo wa tatu kakushindaje?"

Simbu naye, nijuavyo mimi, alivaa viatu.

Jioni mtoto akaomba raba, hata za mtumba. Akaambiwa avute subira, hali ngumu. Ule mkeka wa kubeti wa Jumamosi ulikuwa haujatiki.