Heko kwa Mbeba Mabomu

Marubani wa ndege ndogo hawahitaji kusifiwa na mtu, kazi hiyo wanaifanya wenyewe. Ingia mtandaoni uone video zao: Spitfire inapinduka, Messerschmitt inawaka moto, muziki unarindima, jina la mshindi linapita kwa herufi za dhahabu. Sijapata kuona hata moja ya mchezaji anayepandisha ndege nzito ya mabomu ya B-17 hadi futi 25,000 huku akitazama mawingu. Dhuluma hiyo imedumu vya kutosha.

Nazungumzia hasa Aces High, mchezo wa mapigano ya angani wa Vita Kuu ya Pili, uliotengenezwa na kampuni ndogo ya HiTech Creations ya Texas na kuingia mtandaoni mwaka 2000. Ni mkongwe, na kwa sura haufikii mchezo mwenzake wa War Thunder hata robo. Lakini humo ndimo mbeba mabomu alimotengewa kiti cha heshima. Pande ni tatu, nazo zimepewa majina ya kete za sataranji: Knights, Bishops na Rooks. Kila upande una viwanja vya ndege, miji na viwanda, na wachezaji hunyang'anyana viwanja hivyo usiku na mchana. Sasa, kiwanja kina mabanda ya ndege, na mabanda yakivunjwa adui hawezi kurusha ndege pale kwa muda. Vijana wa ndege ndogo watakimbizana juu ya kiwanja mpaka majogoo. Anayeangushwa anazaliwa upya bandani na kuruka tena, na hesabu inaanza upya. Anayekata mzizi ni yule mzito anayekuja taratibu kutoka mbali, ambaye hakuna aliyekumbuka kumngoja.

Anakuja taratibu kweli. Kupanda ndiyo kazi yenyewe, kudondosha ni sekunde chache tu. Lancaster iliyobeba pauni 14,000 za mabomu haipandi, inabembelezwa. Unaiondoa kiwanja cha nyuma kabisa, unaielekeza upande usio na adui, unaikabidhi kwa otopailoti, kisha wewe ni mtu huru. Sijui mchezo mwingine unaokuruhusu kuchemsha chai ya tangawizi, kuinywa, kuosha kikombe na kurudi ukakuta umecheza vizuri kuliko ulipokuwa umekaa kitini. Kijana wa ndege ndogo akiitwa na mama yake hujibu "nakuja" kwa nusu saa nzima. Mbeba mabomu huitika "abee", akainuka, akabadilisha mtungi wa gesi, akatumwa dukani, akarudi, na bado hajafika futi 18,000. Ukitaka kijana mwenye adabu nyumbani, mpe injini nne na mzigo.

Na kwa sisi tunaocheza mbali na seva, ambao kila amri yetu inavuka bahari kabla ya kutekelezwa, kuna neema ya ziada. Katika mapigano ya karibu, intaneti ya mwendo wa kusuasua hukuonyesha adui pale alipokuwa, si pale alipo. Unammiminia risasi kivuli chake, naye yuko mgongoni mwako. Banda la ndege halina hila hizo. Lilipokuwa ndipo lilipo. (Umeme ukikatika wakati umebakiza maili tano kufika, hilo ni jambo jingine, na hapo ndipo imani ya mtu hupimwa.)

Wasioijua kazi hii humcheka mbeba mabomu kwamba ni kitoweo. Hawajaelewa ukarimu. Mchezo humpa ndege tatu kwa mpigo: moja anaiendesha, mbili zinamfuata ubavuni zikiiga kila afanyalo. Mwindaji, yaani rubani wa ndege ndogo, akikutana na mwindaji mwenzake, akibahatika sana anaondoka na ndege moja. Akikutana na mbeba mabomu anaandaliwa tatu, zimepangwa vizuri, kwa mwendo mmoja, kwenye mstari ulionyooka. Ya kwanza ikianguka, mwenyeji anahamishiwa ya pili ili mgeni asikatizwe shangwe yake, kisha ya tatu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nani mwingine katika anga lile anakubali kufa mara tatu katika safari moja, na tena baada ya kujichosha nusu saa ili afie mahali penye mandhari nzuri?

Hata hivyo ukarimu wake una bunduki. B-17G ina rashasha 13, na mchezaji akiketi katika kiti kimoja cha mpigaji, bunduki zote zinazoweza kuelekea huko, za ndege zote tatu, hufyatuka pamoja. Mwindaji mwenye akili hupanda juu zaidi, hutangulia mbele, kisha hushuka uso kwa uso. Wajerumani walilijua hilo tangu mwishoni mwa 1942, na rubani wao Egon Mayer alikuwa miongoni mwa walioanzisha mtindo wa kuishambulia B-17 kutoka mbele, ambako kinga ilikuwa hafifu. Kwa sababu hiyo B-17G ikaongezewa bunduki mbili chini ya kidevu. Lakini hayupo Egon Mayer kila usiku. Yupo zaidi yule mgeni anayeona mkia mpana mbele yake, akaujia kutoka nyuma polepole, kimya, amenyooka kama mtu aliyepanga foleni benki. Mbeba mabomu anaweka kikombe chini. Anahamia kiti cha nyuma. Hasemi kitu.

Kuhusu kulenga nitasema kidogo, maana ni ufundi na ufundi hausifiki kwa haraka. Kabla ya kudondosha ni lazima usawazishe darubini ya kulengea mabomu: unashikilia alama juu ya sehemu moja ya ardhi, ndege ikienda kwa mwendo usiobadilika hata chembe. Ukigusa mafuta baada ya hapo, mabomu yatalima shamba la mtu. Darubini yenyewe ina ukoo mkubwa. Carl Norden, Mholanzi aliyehamia Marekani, alitengeneza mtambo uliolindwa kama siri ya taifa, na watu wakajigamba kwamba unaweza kutumbukiza bomu ndani ya pipa kutoka futi 20,000. Juu ya Ujerumani, penye mawingu na mizinga ya kutungulia ndege, mapipa yalikuwa salama kabisa. Mchezaji wa leo ana shabaha kuliko jeshi lililompa darubini hiyo, kwa kuwa watengenezaji wa mchezo ni waungwana na anga lao halina mawingu mengi.

Wapo pia wale wanaoachia mabomu na papo hapo kuruka kwa miavuli, ili wasipoteze nusu saa nyingine ya kurudi nyumbani. Hao wana haraka. Wakanunue ndege ndogo.

Wenyewe wa asili, wale wa vita halisi, hawakuwa na njia ya mkato. Tarehe 14 Oktoba 1943 Wamarekani walituma B-17 zipatazo 291 kwenda Schweinfurt, kwenye viwanda vya beringi, na 60 ziliangushwa. Kila moja ilikuwa na watu 10. Kamandi ya mabomu ya Uingereza ilipoteza watu 55,573 hadi vita kwisha. Huko juu baridi ilifika nyuzi 40 chini ya sifuri na zaidi, wakavaa nguo zenye nyaya za umeme ili vidole visife. Mchezo umetuachia uchovu wa safari zao na kutuondolea mengine yote. Umewaondoa pia waliokuwa chini. Miji ya Aces High ni majengo matupu, hakuna anayefua nguo uani wala mtoto anayekimbilia handakini, na kama wangekuwepo makala hii isingeandikika hata kwa utani.

Inabaki kutua. Ni jambo la nadra, kwa hiyo huna budi kulifanya kwa heshima: ndege moja yenye injini mbili zilizosalia, nyingine inavuja mafuta, ya tatu haipo. Unazishusha hizo mbili kiwanjani, unasimama, unatoka. Sasa mchezo huu una desturi ya kuwatangazia wachezaji wote jina la anayetua salama akiwa ameangusha ndege za adui, pamoja na idadi yake, na watu humwandikia pongezi. Mabanda hayamo katika hesabu hiyo. Unaweza kuufunga uwanja mzima, wenzako wakauteka bila jasho, ukarudi nyumbani salama, na skrini isiseme neno. Isipokuwa kama njiani kuna wageni wawili watatu waliokujia kutoka nyuma. Hapo jina lako linapita mbele ya wote, na vijana wa ndege ndogo wanakupongeza kwa ushujaa, wakiuliza hiyo Lancaster umeigeuzaje kwa kasi kiasi hicho.