Upepo wa Kununua

Kwanza kabisa, usimwambie mtu yeyote hapa Singida kwamba umetuma hela Kariakoo ununuliwe feni. Huu ni mkoa ambao wawekezaji wamekuja kupima upepo mwaka hadi mwaka, wakipanga minara ya kufua umeme wa megawati na megawati. Ukianika shuka asubuhi bila vibanio, jioni unaifuata kwa jirani wa tatu. Nawe umelipia upepo, tena wa milimita 120, upandishwe basi kilomita kama 700. Wakiuliza kilichomo kwenye kifurushi, sema ni dawa ya mifugo.

Sasa tuiangalie hiyo kompyuta yako. Ni ya mezani, ya mtumba, imestaafu kwenye ofisi fulani Ulaya, na ukiiwasha inanguruma kama mashine ya kukoboa. Kabla hujanunua chochote, fungua ubavu wake na umtafute mwizi. Weka ncha ya kidole kwenye kitovu cha feni, pale katikati, si kwenye mapanga, uisimamishe kwa sekunde moja tu. Kelele ikikata, umemkamata. Isipokata, hamia feni nyingine. Wapo walionunua feni tatu mpya ndipo wakagundua kwamba mlalamikaji alikuwa diski ya zamani, ile inayozunguka. Feni ya ndani ya pawasaplai iache ilivyo: lile boksi hutunza umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na anayelifungua kwa bisibisi ya jikoni aandike wosia kwanza.

Mara nyingi, lakini, mwizi ni vumbi. Kuanzia Juni hadi Oktoba vumbi letu haliulizi mlango uko wapi. Linajaa kwenye vile vibati vya kupozea prosesa, joto linapanda, na madabodi inaiamuru feni ikimbie. Kwa hiyo feni unayoitukana inatii amri tu. Chukua brashi mpya ya rangi, usafishe taratibu. Usiibebe mashine kwenda kwa fundi pancha akupulizie kwa kompresa. Upepo wake hutoka na maji na mafuta, na feni ikipulizwa hivyo huzunguka kwa kasi kuliko ilivyoundwa, ikageuka dinamo na kurudisha umeme kwenye madabodi. Ukipuliza kwa kifaa chochote, shika mapanga yasizunguke.

Hapo ndipo jirani atatokea na chupa ya mafuta ya alizeti. Hawezi kukosekana, tuko Singida. Atakwambia beringi imekauka tu, matone mawili yanatosha, na kwamba hayo ni ya kukamuliwa hapahapa, hayana mchanganyiko. Utamwamini, kwa sababu feni itanyamaza papo hapo. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya, na utaanza kujiuliza kwa nini dunia nzima haijui siri hii. Basi nenda jikoni ukaangalie nje ya kikaango, pale mafuta yalipomwagika wiki iliyopita yakabaki. Yale ya kunata kama gundi ndiyo yanayotengenezwa ndani ya beringi yako. Alizeti ya kawaida ni mafuta yanayokauka kidogo kidogo yakikutana na hewa na joto, na ndani ya kompyuta vyote viwili vinapatikana bure. Kama ni lazima utie kitu, tia tone moja la mafuta ya cherehani, ukijua unampa mgonjwa panadoli. Ya alizeti yarudishe kwa kuku.

Haya, umeamua kununua. Chukua feni kubwa kuliko zote zinazoingia. Kwa hesabu ya vitabuni, feni ya milimita 120 husogeza hewa zaidi ya mara tatu ya ile ya milimita 80 kwa mizunguko ileile, kwa hiyo inaweza kutembea wakati ndogo inahema. Ulizia beringi. Za bushi ni rahisi na huanza vizuri, lakini hazipendi kulazwa chali wala joto. Zile zinazoelea juu ya utando wa mafuta yaliyofungiwa humo humo hudumu zaidi, na bei yake hukufanya usome ujumbe wa muuzaji mara mbili. Noctua, kampuni ya Austria iliyoanza mwaka 2005, inasifika kwa ukimya na kwa rangi zake: mapanga ya kahawia ndani ya fremu ya krimu, kama uji wa mtama uliomwagikiwa na chai ya maziwa. Ukishaifunga hutaiona. Wageni wakija, kwa bahati mbaya, utaifungua kompyuta uwaonyeshe.

Kwenye boksi utasoma desibeli. Kwa kawaida hupimwa katika chumba kilichojengwa kumeza sauti, ambamo hakuna bati lililolegea wala jogoo asiyejua saa. Hata hivyo usizidharau, ila jua kwamba desibeli hazijumlishwi kama madebe ya mahindi. Feni mbili za desibeli 20 kila moja hazikupi 40, zinakupa 23. Na feni ukiipunguza mizunguko hadi nusu, kelele hushuka kwa desibeli kama 15. Maana yake feni mbili zinazotembea nusu mwendo husukuma hewa sawa na moja inayokimbia, na kelele inakuwa ndogo mno. Hii ndiyo hoja ya kupeleka kwa mwenzi wako atakapouliza kwa nini vifurushi ni viwili. Itoe akiwa ameshakula.

Hakikisha plagi ina pini 4, maana ile ya nne ndiyo hupeleka amri ya kupunguza au kuongeza mwendo. Tena ukague madabodi yako kabla hujalipa: mashine nyingi za ofisi zina plagi za peke yake, na ukizifungia feni ya kigeni zinagoma kuwaka mpaka ubonyeze kitufe kukiri kosa. Yangu niliikiria miezi miwili, kila asubuhi.

Halafu kuna jambo ambalo muuzaji wa Dar es Salaam hatakwambia. Singida mjini iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa asilimia kama 14 kuliko ya pwani. Feni ni ileile, bei ni ileile, nauli juu, hewa pungufu. Na hiyo pungufu huja na vumbi, basi zielekeze feni nyingi ziingize hewa kupitia kichujio, moja itoe, ili vumbi lisinyonywe kwenye nyufa. Kichujio kizuri ni soksi nyembamba ya kike iliyovutwa sawasawa. Iombe, usiichukue tu.

Nilifanya yote hayo. Sasa kompyuta yangu iko kimya kabisa, na ndipo nilipoanza kusikia bati la jirani, mashine ya kukamua alizeti ya mtaa wa pili, na sabufa ya kijana wa duka la vocha. Hayo nimeyazoea. Kilichoharibika ni kingine. Zamani umeme ukirudi mashine ilijiwasha yenyewe, na kwa ule mngurumo nyumba nzima ilijua. Jikoni wakainuka kuwasha friji, watoto wakakimbilia runinga. Siku hizi watu hukaa gizani wakiulizana. Mwishowe mtu hutumwa chumbani, akaweka kiganja ubavuni mwa kompyuta, akangoja kidogo, kama anayempima mtoto homa.